Ukuta wa Connecticut na Ufa Wake

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya timu moja ya chuo kikuu huko Marekani, na msimu mmoja tu, ule wa 2008 hadi 2009. Mtauliza: ya Marekani yanatuhusu nini, tena ya chuo? Yanatuhusu kwa sababu katikati ya timu ile alisimama kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 21, na kwa sababu hadi leo akitajwa kijana huyo kwenye viwanja vyetu vya kikapu ubishi hauishi. Huyu atasema alikuwa fahari ya taifa. Yule atasema alikwenda NBA akashindwa kazi. Wote wanabishana juu ya mtu mmoja, ilhali kikapu ni mchezo wa watu watano. Anayetaka kumwelewa Thabeet hana budi kwanza aitazame timu ile ya Connecticut, ilikuwa na nguvu wapi na ilikuwa na udhaifu wapi. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba nguvu na udhaifu vilikaa nyumba moja.

Chuo Kikuu cha Connecticut kiko Storrs, mji mdogo uliozungukwa na mashamba, na chenyewe kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo. Si mahali ambapo mtu angetarajia kukuta timu ya kutisha. Aliyeifanya iwe ya kutisha ni kocha Jim Calhoun, mzee mkali wa maneno, aliyefika hapo mwaka 1986. Mwaka 1999 alichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani, na mwaka 2004 akauchukua tena. Timu ya 2004 ilikuwa na mchezaji wa kati aitwaye Emeka Okafor, kijana aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Kinigeria, hodari wa kupangua mitupo ya wapinzani. Kwa hiyo Thabeet alipofika mwaka 2006, Calhoun alijua vizuri mtu wa namna ile anatumiwaje.

Alitumiwaje? Hapa ndipo penye utamu wa mambo. Walinzi wa mbele wa Connecticut walikuwa na ruhusa ambayo walinzi wa timu nyingine hawana. Waliweza kumkaba mpinzani karibu kabisa, wakamfuata, wakamnyima nafasi ya kutupa kutoka mbali, bila kuogopa kupitwa. Mpinzani akiwapita, anakutana na nani? Anakutana na mkono wa Thabeet. Wengi walikuwa wakifika mita mbili kutoka kwenye kikapu, wanainua macho, wanaona ule mkono, wanageuza shingo na kuurudisha mpira nje. Mitupo ambayo haikutupwa kabisa kwa kumwogopa haimo katika hesabu za mtu yeyote, na nadhani ilikuwa mingi kuliko aliyoipangua. Hata hiyo aliyoipangua haikuwa michache: wastani wa mitupo 4.2 kwa kila mchezo msimu ule, pamoja na pointi 13.6 na ribaundi 10.8, yaani mipira inayogonga chuma au ubao na kurudi. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya chuo cha Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11, akapangua mitupo 10. Mchezaji anaweza kucheza chuo miaka minne asifikishe tarakimu mbili katika mambo matatu namna hiyo hata siku moja.

Wenzake nao hawakuwa watu wa kubeza. A.J. Price, mgawa mipira, alikuwa amenusurika kifo mwaka 2004 baada ya kuvuja damu kwenye ubongo, na Machi 2008 aliumia goti vibaya katika mchezo ambao Connecticut ilitolewa na San Diego, chuo ambacho hakuna aliyekihofia. Jeff Adrien alikuwa mfupi kwa nafasi yake lakini mwenye mabega ya mchukuzi wa bandarini. Marehemu Stanley Robinson, ambaye mwanzoni mwa msimu aliachwa nje ya timu, akafanya kazi kwenye yadi ya vyuma chakavu, alirudi mwezi Desemba na kuruka kuliko wote. Jerome Dyson alikuwa mlinzi mkali, mfungaji wa pointi 13 kwa wastani, na ndiye aliyeanzisha ule ukabaji wa mbele niliousema. Na kwenye benchi kulikuwa na mtoto mdogo wa New York, mwaka wake wa kwanza chuoni, jina lake Kemba Walker. Mwekeni akilini.

Kufikia tarehe 11 Februari 2009 timu hii ilikuwa imeshinda michezo 23 na kufungwa mmoja tu, ule wa Georgetown mwezi Desemba. Ilikuwa ya kwanza katika orodha ya ubora ya nchi nzima. Usiku huohuo, katika mchezo walioshinda dhidi ya Syracuse, Dyson aliumia goti. Msimu wake ukaishia hapo.

Kwa kawaida timu nzuri ikipoteza mtu mmoja kati ya wanane au tisa, watu husema mwingine atajaza pengo. Lakini tazameni kilichotokea. Dyson alipoondoka, Connecticut haikupoteza pointi 13 tu. Ilipoteza mlango wa mbele wa nyumba, na mzigo wote ukahamia kwa aliyelinda chumba cha ndani. Tena Connecticut haikuwa timu ya kutegemea mitupo ya mbali ya pointi tatu. Ilizoea kufunga karibu na kikapu na kwa kukimbia. Mpinzani akiupunguza mwendo wa mchezo, kisha akamsukuma Thabeet mbali na kikapu, timu ilianza kutafuta njia kama mgeni Kariakoo.

Siku tano baadaye, tarehe 16 Februari, wakaja Pittsburgh mjini Hartford. Siku hiyo Thabeet alitimiza umri wa miaka 22. Pittsburgh walikuwa na mchezaji wa kati aitwaye DeJuan Blair, mfupi kuliko Thabeet kwa karibu sentimita 20, lakini mnene, mzito, mwenye miguu kama nguzo. Mapema katika mchezo, walipokuwa wakigombea mpira, mikono ikanasana, Blair akajipinda na Thabeet akarushwa juu ya bega na kuanguka chini kwa kishindo. Picha ile ilioneshwa Marekani nzima. Watu wengi wanaikumbuka kama kichekesho. Mimi nasema ilikuwa ni somo la fizikia: aliye chini, mwenye kiuno karibu na ardhi, ndiye mwenye nguvu. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68, na dakika za mwisho waliounyanyua mchezo ni mitupo ya mbali ya Levance Fields, mitupo ileile ambayo Connecticut haikuwa na mtu wa kuijibu.

Tarehe 7 Machi wakarudiana huko Pittsburgh. Connecticut walikuwa wamerudi kileleni mwa orodha, wakafungwa tena, 70 kwa 60. Safari hii Blair hakutamba kama mara ya kwanza, bali aliyewatesa alikuwa Sam Young. Ufa ulikuwa umeonekana, na kila kocha aliyekuwa na mkanda wa video aliuona.

Siku tano tu baada ya hapo ukaja mchezo ambao wapenzi wa kikapu hawatausahau. Ilikuwa robo fainali ya mashindano ya Big East katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Connecticut na Syracuse. Mchezo wa chuo una dakika 40. Dakika 40 zikaisha wakiwa 71 kwa 71, baada ya waamuzi kutazama video na kukataa kikapu cha Syracuse kilichoingia muda ukiwa umekwisha. Zikaongezwa dakika tano. Sare. Tano nyingine. Sare. Wakaenda hivyo mpaka nyongeza ya sita! Mchezo ulioanza tarehe 12 ulikwisha saa saba na ushee usiku wa kuamkia tarehe 13, na Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Katika nyongeza zile tano za kwanza Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Mara tano Connecticut walishika mkia wa ng'ombe, mara tano ukawaponyoka.

Kwa nini? Sababu moja ni uchovu, na uchovu ni jina jingine la benchi fupi. Sababu nyingine ni sheria ya makosa matano. Mchezaji akifikisha makosa matano anatoka, harudi. Usiku ule wachezaji wanane wa pande zote mbili walitolewa kwa makosa, na mmojawapo alikuwa Thabeet, akiwa amekwisha kufunga pointi 19 na kuchukua ribaundi 14. Ukuta ulipoondoka, nyumba ikabaki wazi. Price alifunga pointi 33, Robinson 28, na bado haikutosha.

Mashindano makubwa ya taifa yalipoanza, Connecticut walipewa nafasi ya juu kabisa katika kundi lao. Mchezo wa kwanza Calhoun mwenyewe alikuwa hospitalini kwa upungufu wa maji mwilini, na msaidizi wake George Blaney akaiongoza timu kuifunga Chattanooga 103 kwa 47. Wakaifunga Texas A&M, wakaifunga Purdue. Katikati ya hayo magazeti yakajaa habari za madai kwamba chuo kilivunja kanuni za kusajili wachezaji, shauri ambalo baadaye lilimfanya Calhoun afungiwe michezo mitatu. Hata hivyo dhidi ya Missouri walishinda 82 kwa 75, na aliyewaokoa hakuwa Thabeet wala Price. Alikuwa yule mtoto wa benchi, Kemba Walker, kwa pointi 23.

Nusu fainali ilichezwa Detroit tarehe 4 Aprili 2009, kwenye uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani uliojazwa watu zaidi ya 72,000. Wapinzani walikuwa Michigan State, ambao chuo chao kiko mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari. Ikawa kama kucheza ugenini. Kocha wao Tom Izzo alifanya jambo jepesi kulieleza na gumu kulitenda: kila Connecticut walipokosa, hata walipofunga, vijana wake walikimbia mbele kabla Thabeet hajafika kwenye kituo chake. Ukuta haujengwi mara mbili kwa dakika. Akabadilisha wachezaji mara kwa mara, na wale wa akiba wakafunga pointi nyingi kuliko wenzao wa Connecticut kwa mbali. Thabeet alifunga pointi 17 siku ile, hakucheza vibaya hata kidogo. Michigan State wakashinda 82 kwa 73. Msimu ukafungwa kwa ushindi mara 31 na kushindwa mara 5.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Mwezi Juni mwaka huohuo timu ya Memphis ilimchagua Thabeet wa pili katika usajili wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Memphis walinunua mkono ule ulioinuliwa, lakini hawakuweza kununua Price, Adrien na ule ukabaji wa mbele uliofanya mkono ule uwe na maana. Zaidi ya hapo, katika NBA kila usiku kulikuwa na DeJuan Blair wa aina fulani. Miguu ya kusimama imara, kiuno cha kusukumana, hatua za haraka upande huu na upande ule, hivyo vyote mtu hujifunza akiwa na miaka minane, kumi, kumi na miwili. Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Akiwa na miaka 12 hapakuwa na kocha aliyemwona, wala uwanja uliomwita. Kumlaumu kwa hilo ni kumdai mtu mavuno ya shamba ambalo hatukumpa jembe la kulilima. Na ukizingatia alianza lini, kupata tuzo ya mchezaji bora wa Big East pamoja na huyohuyo Blair, miaka saba tu baadaye, ni jambo ambalo mimi silioni dogo.

Blair mwenyewe alichaguliwa wa 37, kwa sababu madaktari waliyaogopa magoti yake. Alicheza NBA misimu saba, Thabeet mitano. Connecticut nao walirudi fainali mwaka 2011 bila Thabeet chini ya kikapu, wakiongozwa na Kemba Walker, aliyekuwa mmoja wa wafupi uwanjani. Safari hiyo waliifunga Butler 53 kwa 41 mjini Houston, na Calhoun akachukua ubingwa wake wa tatu.