Jukwaa la Shule na Chimbuko la Tamthilia Andishi ya Kiswahili Nchini Kenya: Mfano wa Alliance katika Miaka ya 1950

Utangulizi

Historia ya tamthilia andishi ya Kiswahili aghalabu huanzwa kwa majina mawili: Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Kinjeketile (1969) na Hatia (1972) ndizo zinazofundishwa, ndizo zinazohakikiwa, na ndizo zinazotumiwa kupimia zilizofuata. Yaliyotangulia hutajwa katika aya moja, kisha hupitwa. Ndani ya aya hiyo hukaa wavulana wanne wa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu: Henry Kuria aliyeandika Nakupenda, Lakini..., Kimani Nyoike aliyeandika Maisha ni Nini?, Bethuel Kurutu aliyeandika Atakiwa na Polisi, na Gerishon Ngugi aliyeandika Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Makala haya yanadai kwamba aya moja haiwatoshi. Michezo yao, hata ikikubaliwa kuwa ni kazi changa, inathibitisha jambo lililokanwa na sera ya elimu ya wakati wao: kwamba Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya sanaa kwa vijana wa bara waliokulia katika lugha nyingine.

Shule, Sera na Lugha

Alliance ilianzishwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Chini ya Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962, ilikuwa miongoni mwa njia chache za kumfikisha kijana wa Kiafrika katika elimu ya juu, na ngazi ya kupandia ilikuwa Kiingereza. Sanaa ya jukwaani ilifuata ngazi hiyo hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kati ya 1955 na 1958, anakumbuka katika insha zake kwamba mchezo wa Shakespeare ulikuwa desturi ya kila mwaka. Katika muda wake aliona As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Mchezo huo ulikuwa burudani, na papo hapo somo la matamshi, adabu na hadhi.

Nje ya shule, nafasi ya Kiswahili ilikuwa ikifinywa. Ripoti ya Binns ya mwaka 1952 ilipendekeza elimu ya Mwafrika iegemee lugha ya mama na Kiingereza, na Kiswahili kisifundishwe mahali ambapo si lugha ya wenyeji. Mnamo Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na magazeti ya Kigikuyu yakapigwa marufuku. Kwa kijana wa Mkoa wa Kati, basi, lugha ya nyumbani ilikuwa imeingia katika kutiliwa shaka, na Kiingereza kilimfikia msikilizaji aliyesoma tu. Kiswahili hakikuwa na ulinzi mkubwa wa sera, lakini kilikuwa na kitu ambacho jukwaa haliwezi kukikosa, nacho ni hadhira: karani, askari, mpishi, dereva na mwanafunzi wa kabila jingine wangeweza kuketi pamoja wakacheka mahali pamoja.

Haitakuwa haki kuwachora wanafunzi hao kama waasi waliosimama peke yao. Graham Hyslop, ofisa wa kikoloni wa muziki na maigizo, alihimiza uigizaji wa Kiswahili na mwenyewe akaandika Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilichapisha Nakupenda, Lakini... mwaka 1957 na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi mwaka 1961. Hivyo utawala ule ule uliokisukuma Kiswahili kutoka darasani ulikifungulia mlango wa burudani. Yamkini kilipewa nafasi hiyo kwa sababu burudani haikudhaniwa kuwa na uzito. Wanafunzi waliutumia mlango huo.

Ushahidi wa Anwani

Wahakiki wanaoipima michezo hii kwa vigezo vya muundo na dhamira huiona nyepesi: mapenzi, mali, mji na vishawishi vyake. Kipimo cha lugha kinatoa sura nyingine, na anwani zenyewe zinatosha kuonyesha hilo. Zote nne ni tungo zenye kusemwa. Nakupenda, Lakini... ni kishazi huru kinachofuatwa na kiunganishi kisicho na kishazi cha pili. Msemaji amekatizwa, au amejikatiza. Maisha ni Nini? ni swali. Nimelogwa! ni kitenzi cha hali timilifu katika kauli ya kutendwa, kilio cha mtu anayemtafuta wa kumlaumu. Kisha nisiwe, kitenzi tegemezi kikanushi, kinataja hasara inayomliza. Atakiwa na Polisi inatumia kiambishi -a- cha wakati usiodhihirika, ambacho ndicho kiambishi cha vichwa vya habari na matangazo ya umma.

Kila anwani, basi, inabeba sauti ya mtu au ya chombo fulani, na inamdhania msikilizaji. Ni sikio la jukwaa. Linganisha na Kinjeketile, Mashetani na Hatia: anwani hizi ni nomino, na kila moja inataja kiini cha fikra kinachongojea kufafanuliwa. Inafaa kukumbuka kuwa Hussein naye alianza kwingine. Alikiona na Wakati Ukuta, michezo yake ya awali iliyochapishwa pamoja mwaka 1970, zina anwani za kusemwa: ya kwanza ni kauli ya mtu anayemsimulia aliyefikwa na lake, na ya pili ni nusu ya methali ambayo hadhira huimalizia yenyewe. Hakuna haja ya kudai kwamba Hussein aliwafuata wanafunzi wa Alliance. Inatosha kuona kwamba tamthilia changa ya Kiswahili, Kikuyu na Dar es Salaam, ilianzia kwenye usemi wa kila siku kabla ya kuhamia kwenye nembo na dhana.

Kutoka Shule Moja hadi Tamasha la Taifa

Tamasha la maigizo la shule nchini Kenya lilianza mwaka 1959, nalo mwanzoni lilikuwa la Kiingereza kwa lugha na kwa vipimo. Baadaye lilitoka Nairobi likazungushwa mikoani, na Kiswahili kikapata nafasi yake katika michezo, mashairi na masimulizi. Kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, kuliipa nafasi hiyo nguvu ya mtaala. Kwa hesabu hiyo, kilichofanywa kwa hiari na wavulana wa Alliance kiliitangulia sera kwa takriban miaka 30.

Tofauti moja, hata hivyo, inadai kuangaliwa. Michezo ya Kuria na Gerishon Ngugi inaweza kujadiliwa leo kwa sababu ilichapishwa. Miswada mingi ya tamasha huishi kwa msimu mmoja: huandikwa, hufanyiwa mazoezi, hushindanishwa, kisha hubaki katika kabati la mwalimu hadi mwalimu ahamishwe. Mtafiti anayetaka kujua vijana wa Kenya walikisema vipi Kiswahili jukwaani katika miaka ya 1980 hana rafu ya kuiendea.

Hitimisho

Alliance ya miaka ya 1950 inaonyesha kwamba shughuli iliyohesabiwa kuwa ya ziada yaweza kuwa mwanzo wa utanzu mzima. Historia ya tamthilia ya Kiswahili inapaswa kuanzwa mapema zaidi, na katika kumbi za shule. Idara za Kiswahili nazo zina kazi ya haraka: kukusanya miswada ya wanafunzi na walimu wao wakati wenye kuikumbuka bado wapo. Asiyeandikiwa aya moja leo hatapata hata hiyo kesho.