Vyuma vya Miguu, Cherehani na Vita: Karakana za Walemavu Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Mtoto aliyepoozwa mguu na polio hawezi kuvaa vyuma vilevile miaka yote ya utoto wake. Mguu hurefuka, chuma hakirefuki. Ukivitazama vyuma hivyo havina ajabu: fito mbili, kiungo cha goti kinachofungwa na kufunguliwa, mikanda ya ngozi, na kiatu kigumu kilichotobolewa kisiginoni. Lakini ili vipatikane lazima awepo mchomeleaji, fundi wa ngozi na mshona viatu, na wote wakae karibu na mtoto wa kupimwa. Wengi leo hudhani shule za walemavu hufundisha viatu na kushona kwa kuwa hizo ni kazi za kukaa chini, kazi za huruma. Mimi naona sababu nyingine yenye uzito zaidi: shule yenyewe ilizihitaji kazi hizo ili wanafunzi wake waweze kufika darasani.

Katika eneo hili la Maziwa Makuu, mfano uliovuma ni Gatagara, karibu na Nyanza nchini Rwanda. Mwaka 1960 padri Mbelgiji Joseph Fraipont, aliyejiita pia Ndagijimana, alianzisha hapo Home de la Vierge des Pauvres. Matibabu, masomo na ufundi vilikaa katika kiwanja kimoja. Fraipont alifariki mwaka 1982, lakini namna yake ya kufanya kazi haikuwa ya peke yake: Bukavu kuna Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, Bujumbura kuna Saint Kizito.

Mzazi wa Uvira, mji wa Kongo ulio kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, alikuwa basi na njia mbili za kuvifikia vituo hivyo. Ya kwanza ni kuvuka Kavimvira na Gatumba kwenda Bujumbura. Ni karibu, ila ni nchi nyingine, na mpaka hufungwa siku usiyoitazamia, kama ilivyotokea mwaka 2020 wakati wa korona. Ya pili ni kupanda Bukavu: zaidi ya kilomita 100 kupitia uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola, kisha milima ya Ngomo, ambako lori likikwama abiria hulala njiani. Mtoto wa magongo hafanyi safari hiyo kila muhula.

Kwa nini Uvira haikujijengea mapema vituo vyenye nguvu kama hivyo? Sehemu ya jibu ni tarehe. Jimbo Katoliki la Uvira lilianzishwa Aprili 1962, na kanisa ndilo lililokuwa likishika sehemu kubwa ya shule. Miaka miwili baadaye waasi wa Simba waliuteka mji, na tarehe 28 Novemba 1964 mapadri watatu na bruda mmoja waliuawa Baraka na Fizi. Hao ndio waliotangazwa wenyeheri mjini Uvira Agosti 2024. Mwaka 1974 Rais Mobutu akazitaifisha shule za makanisa. Mwaka 1977 akazirudisha kwa mkataba. Kila mara shule zilipopata mmiliki mwingine, hesabu zilianza upya.

Kisha ukaja mwanzo wa miaka ya 1990. Mishahara ya walimu ilikuwa imegeuka makaratasi, migomo ikafunga madarasa nchi nzima, na masomo yakafunguliwa tena pale kamati za wazazi zilipokubali kuwalipa walimu wenyewe. Huo ndio ubia wa jamii mkubwa kuliko wote katika historia ya elimu ya Kongo, na haukuanzia katika semina yoyote. Umeokoa shule nyingi. Lakini una ubaya ambao hausemwi sana: mzazi mwenye watoto sita na ada za watatu huchagua, na aliyelemaa ndiye huambiwa asubiri mwaka kesho. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Ufundi hufuata baadaye, na hapo mfuko wa mzazi huulizwa tena.

Kinshasa, kwa upande wake, ilipata njia isiyopita shuleni kabisa. Walemavu waliovuka mto kwenda Brazzaville walilipishwa nauli ndogo na kuachiwa sehemu ya ushuru, wakageuka wafanyabiashara hodari wa kivuko, na baiskeli zao za magurudumu matatu zikasheheni bidhaa. Mpango huo ulilisha familia nyingi kuliko vyeti vingi, ingawa ulitegemea hisani ya afisa wa siku hiyo. Fundi wa viatu hahitaji hisani ya mtu wa forodha.

Vita vya 1996 vilianzia huku kwetu. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL mwezi Oktoba, kiwanda cha sukari cha Kiliba kikasimama na mishahara yake ikapotea, na watu wa Uvira na Fizi wakavuka ziwa kwa maelfu hadi Kigoma, wengine wakaishia kambi ya Nyarugusu. Katika vita shule ya kawaida huporwa madawati na mabati, lakini mwalimu akirudi na chaki anaweza kufundisha chini ya mwembe. Karakana haina mwembe. Jiliwa, mashine ya kuchomelea na cherehani hubebeka na huuzika, na vikiondoka hakuna somo.

Vinaporudi, mara nyingi hurudi nusu. Mradi huleta cherehani kumi, huwapiga picha wasichana kumi, na baada ya miezi sita hutoa vyeti. Tazama cherehani yenyewe: huendeshwa kwa kukanyaga. Mwanafunzi asiye na nguvu miguuni hufungiwa mpini kwenye gurudumu. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto pekee unaongoza kitambaa chini ya sindano. Kwenye kona ya kola lazima asimamishe gurudumu, ainue mguu unaobana kitambaa, akigeuze, aanze tena. Miezi sita haimtoshi. Na mpini ukikatika, nani atauchomelea kama karakana ya chuma haikufunguliwa?

Wanafunzi bado wapo. Kampeni ya dunia dhidi ya polio ilipoanza mwaka 1988, watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipoozwa kila mwaka. Mwaka 1999 pande zilizokuwa zikipigana Kongo ziliacha chanjo ipite, na mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Lakini Machi 2023 virusi vilivyotokana na chanjo viligunduliwa kwa mtoto mmoja wa Burundi na sita wa mikoa ya Tanganyika na Kivu Kusini. Ongeza waliokatwa viungo kwa risasi, na viziwi, ambao kwao vyuma havina maana na wanahitaji kwanza mwalimu wa lugha ya alama.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania imevikarabati na kuvifungua tena vyuo vyake vya ufundi kwa wenye ulemavu, kama Luanzari mkoani Tabora na Sabasaba mjini Singida. Huko serikali ndiyo iliyoshika ufunguo. Kongo inayo sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na ni sheria nzuri, lakini haina bajeti ya ngozi wala ya fito za chuma. Mzigo huo Uvira hubebwa na kamati ya wazazi, parokia, na vikundi vya MUSO ambako akina mama huweka akiba kila wiki.

Kama ningeulizwa na kamati kama hiyo, ningesema fedha za kwanza zinunue jiliwa na mashine ya kuchomelea, kisha ngozi, na cherehani zifuate. Karakana hiyo itengeneze vyuma na magongo, na mlango wa pili uelekee barabarani, watu wa mtaa walete viti vya kuchomelewa na viatu vya kushonwa kwa malipo. Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, njia ya Heri Kwetu ilivuka mstari wa vita. Desemba mwaka huohuo wapiganaji hao waliingia Uvira yenyewe. Miguu ya watoto waliokuwa wamepimiwa vyuma kabla ya hapo haikuacha kurefuka.