Kasimu, Ali Baba na Tarakimu Sita

Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanamkumbuka Ali Baba juu ya mti, akimsikia mkuu wa majambazi akiutaja ufuta na mwamba ukafunguka. Kaka yake, Kasimu, hakumbukwi sana. Naye aliingia pangoni kwa neno lile lile, akatekwa na dhahabu, na alipotaka kutoka neno likamtoka kichwani. Akataja kila nafaka anayoijua, mlango kimya. Majambazi wakamkuta humo humo wakamuua. (Hadithi yenyewe, tukumbushane, Mfaransa Antoine Galland aliisikia Paris mwaka 1709 kwa Hanna Diyab, kijana wa Aleppo.)

Historia ya nywila imo humo. Neno moja lina hatari mbili: wengine wanaweza kulisikia, na mwenyewe anaweza kulipoteza.

Hatari ya kwanza ilijitokeza mapema. Chuo cha MIT, Marekani, kiliweka nywila kwenye kompyuta yake ya pamoja, CTSS, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, aliyeuona mgawo wake wa saa haumtoshi, akaiomba kompyuta imchapie faili la nywila zote. Ikamchapia!

Miaka ya 1980 vikaja vidude vya SecurID, vyenye namba inayobadilikabadilika: kitu unachokishika, mbali na neno unalolijua. Lakini siri inayozaa namba hizo, yaani mbegu, ilikuwa na nakala kwa kampuni ya RSA iliyoviuza. Machi 2011 wadukuzi wakaingia huko wakaziiba mbegu. Kumbe pango lilikuwa na mlango wa nyuma.

Miezi miwili baadaye, Mei 2011, kanuni iitwayo TOTP ilichapishwa rasmi. Simu yako na tovuti zinashika mbegu moja. Kila upande unatazama saa, unapiga hesabu, na zinatoka tarakimu sita zinazoishi sekunde 30. Haihitaji bando. Na kwa kuwa kanuni ni ya wote, yeyote anaweza kutengeneza programu. Ndiyo maana zimejaa, na ndiyo maana kuzilinganisha kwa namba zinazotoa ni kazi bure: namba ni zile zile. Swali ni mbegu inakaa wapi, na simu ikiibiwa utaipataje.

Meseji je? Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila namba ya simu inaweza kuhamishiwa laini nyingine bila wewe kujua. Agosti 2019 yalimkuta Jack Dorsey, mkuu wa Twitter yenyewe. Waliomnyang'anya namba wakaandika watakavyo kwenye ukurasa wake. Sisi ambao namba ya simu ndiyo pochi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Google Authenticator, ya mwaka 2010, kwa miaka mingi iliacha mbegu ndani ya simu tu. Simu ikizama baharini, wewe ni Kasimu. Aprili 2023 ikaanza kuzihifadhi kwenye akaunti ya Google, lakini bila ufunguo ambao mtumiaji peke yake anao. Authy ilikuwa na hifadhi hiyo zamani, ila haikupi njia ya kuzitoa mbegu zako uende nazo kwingine. Machi 2024 ikafunga programu yake ya kompyuta, na Juni wadukuzi wakadai kuchota namba za simu milioni 33 za watumiaji wake. Mimi singeanzia hapo.

Mwenye Android ningempa Aegis: mbegu zinafungwa kwa nywila yako, na nakala unaitunza mwenyewe. Mwenye iPhone, au anayejijua ni msahaulifu wa kutunza nakala, Ente Auth, inayozifunga kabla hazijatoka kwenye simu. Zote mbili msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kisha kuna zile namba za akiba ambazo tovuti nyingi hukupa siku ya kwanza. Zangu nimeziandika kwenye karatasi, nikaitia ndani ya kitabu ambacho miaka yote hii hakuna aliyewahi kukiazima.