Karanga za Nachingwea: Siasa, Sera na Uchunguzi

Katika maandishi ya Kiswahili ya zamani neno "siasa" lilibeba maana mbili: mambo ya kushika madaraka, na pia mwongozo wa serikali katika kazi fulani. Azimio la Iringa la mwaka 1972, lililoitwa Siasa ni Kilimo, bado lilitumia neno hilo kwa upana wake. Baadaye neno "sera" likatwaa maana ya pili, nasi wanafunzi wa lugha tukapata wepesi. Lakini historia ya Nachingwea na Ruangwa yatuonyesha kwamba kutenga maneno si kutenga mambo yenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwezi Machi 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alishauri karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield ulizunguka kwa majuma tisa, mara nyingi kwa ndege, ukarejea na mpango wa eka 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Waziri wa Chakula, John Strachey, akautetea Bungeni. Mashamba ya majaribio hayakutangulia. Haraka ya siasa ilishika nafasi ya uchunguzi.

Nachingwea ilikuwa na mvua ya kuaminika kuliko Kongwa, ambako kazi ilianzia, lakini haikuwa na reli wala bandari. Ikabidi bandari ya Mtwara ijengwe, na reli ikafika Nachingwea mwaka 1949. Misitu ilikuwa mizito, na mashine zikavunjika katika visiki na mizizi. Mwezi Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ikahesabiwa kuwa paundi milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Wengi huisimulia habari hii kama kisa cha ujinga. Kwa maoni yangu sivyo. Elimu ilikuwako. Kituo cha Amani, Usambara, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na Waingereza walikirithi. Storey na Bottomley walikwisha onyesha mwaka 1928, huko Afrika Kusini, kwamba ugonjwa wa ukoma wa karanga, ule unaodumaza mmea na kuyakunja majani, huenezwa na vidukari. Kisha Storey akaja kufanya kazi Amani. Wakulima wa kusini, Wamwera na jirani zao, nao walijua kulima karanga pamoja na mazao mengine katika vishamba vidogo. Uchunguzi uliofuata katika Afrika ya Mashariki ulithibitisha kwamba kupanda mapema na kwa kubananisha miche hupunguza ugonjwa huo. Kwa hiyo maarifa hayakukosekana. Yaliyokosekana ni masikio ya kuyasikiliza kabla fedha hazijatolewa.

Mpango ulipokwisha ndipo uchunguzi ulipopata nafasi. Tangu mwaka 1955 A. K. Auckland alizalisha mbegu za soya hapo hapo Nachingwea. Huko Senegali, maradhi yalipoangamiza karanga za majaribio mwaka 1952, zilizosalimika zilikuwa za asili ya mpakani mwa nchi zinazoitwa leo Burkina Faso na Côte d'Ivoire: mbegu zilizotunzwa na wakulima wenyewe. Kutoka katika ukoo huo watafiti wamezalisha karanga zenye kustahimili. Mwaka 2009 kituo cha Naliendele, Mtwara, kilitoa aina mpya kadhaa, na mojawapo ikaitwa Nachingwea. Jina ambalo katika vitabu vya Ulaya lilikuwa la hasara likawa jina la mbegu.

Ulaya nayo imejifunza kwenda polepole. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 kuhusu viumbe vilivyobadilishwa vinasaba yataka hatua kwa hatua: maabara, kisha shamba la majaribio, kisha soko. Mwezi Julai 2018 Mahakama ya Umoja huo iliamua kwamba mimea iliyohaririwa vinasaba kwa njia mpya iingie chini ya sheria hiyo. Mwezi Novemba mwaka huo huo serikali ya Tanzania ilisimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yaliyokuwa yakifanywa Makutupora, Dodoma. Msomaji aweza kukubali au kukataa maamuzi haya. Lakini na tuangalie: ule wa mwaka 1946 uliamuliwa bila jaribio, na huu wa mwaka 2018 ulilikata jaribio njiani. Katika yote mawili mkulima wa Ruangwa hakuletewa hoja kwa lugha anayoisoma.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Taarifa za uchunguzi wa mbegu huandikwa hasa kwa Kiingereza, na istilahi zake kwa Kiswahili bado zinayumba. Mkulima asiyeweza kuuliza "imejaribiwa wapi, kwa miaka mingapi, na kwa gharama ya nani?" hawezi kuitenga sera na siasa, hata kamusi ikimpa maneno mawili.