Kiti kitupu kilichozaa sarafu

Mhudumu alichutama kando ya kiti changu, akaniuliza kwa sauti ya chini ningependa kula saa ngapi. Nilikawia kumjibu. Miaka yote niliyopanda ndege, chakula nilikipata toroli lilipofika, na swali lilikuwa kuku au samaki. Usiku ule, kwenye safari ndefu kutoka Ghuba kwenda Marekani, nilikuwa daraja la kwanza kwa mara ya kwanza maishani, na saa ya kula niliipanga mwenyewe. Kiti kililazwa, kikatandikwa godoro jembamba na shuka, nikaletewa pajama zilizokunjwa vizuri. Tiketi ile kwa fedha taslimu ingenunua Bajaji mbili mpya na chenji ikabaki. Mimi mfukoni nilitoa kodi na ada tu. Sehemu iliyobaki nililipa kwa pointi nilizozikusanya kwa miaka saba.

Tangu siku hiyo nimetaka kujua pointi hizi zilitoka wapi, na imekuwaje kampuni ikubali kumlaza mtu kama mimi pale mbele bila kumtoza nauli.

Mbegu ya pointi ni ya zamani kuliko ndege yenyewe. Mwaka 1896 huko Marekani, Thomas Sperry na Shelley Hutchinson walianzisha kampuni iliyowauzia wenye maduka stempu ndogo za kijani. Mteja aliponunua unga au sabuni alipewa stempu, akazilamba, akazibandika kwenye kijitabu, na kijitabu kilipojaa akakibadilisha kwa sufuria, taa au blanketi. Kufikia miaka ya 1960 vijitabu hivyo vilikuwa kwenye droo za jikoni za familia nyingi nchini humo. Mwenye duka alikuwa amejifunza kwamba mtu aliyebakiza kurasa tatu tu kijitabu kijae hahami duka.

Mashirika ya ndege ya Marekani wakati huo hayakuhitaji hila kama hiyo. Kuanzia mwaka 1938 bodi ya serikali ndiyo iliyopanga nauli na kuamua nani aruke wapi. Kwa kuwa bei zilifanana, makampuni yalishindana kwa nyama ya kuchoma, nafasi ya miguu na tabasamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 American Airlines iliweka kinanda ndani ya Boeing 747 zake, abiria wakawa wanaimba angani. Makampuni yalikuwa yameagiza madege makubwa kuliko idadi ya abiria waliokuwapo, na sehemu iliyokosa wa kuuziwa viti ikageuzwa baraza.

Kisha, Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter akasaini sheria iliyoondoa mkono wa serikali kwenye nauli na njia za ndege. Kampuni changa zenye gharama ndogo zikaingia sokoni na tiketi za bei ya chini mno, na wakubwa wakaanza kuruka na viti vitupu. Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Kiti cha ndege ni kama samaki wa soko la Feri saa kumi na mbili jioni bila barafu, tena afadhali samaki, maana utamkaanga ule nyumbani. Kiti ambacho hakijapata mtu mlango unapofungwa, thamani yake imekwisha, wala hakiwekwi akiba. Lakini mafuta, rubani na kutua vimelipiwa vilevile. Basi ukimpa mtu kiti ambacho kingeruka kitupu, kinakugharimu sahani ya chakula na mafuta kidogo ya kubebea uzito wake. Yeye anayekipokea anakihesabu kwa bei iliyoandikwa kwenye tiketi. Pengo hilo kati ya gharama ya mtoaji na thamani machoni pa mpokeaji ndilo lililojengewa kila kitu kilichofuata.

Tatizo lilikuwa kumjua wa kumpa. Shirika liliuza mamilioni ya tiketi bila kufahamu kwamba bwana aliyeruka Jumatatu ndiye yuleyule aliyeruka Alhamisi. American Airlines ilikuwa na kitu ambacho wenzake wengi hawakuwa nacho kwa kiwango kile: Sabre, mfumo wa kompyuta wa kuweka nafasi uliotengenezwa na IBM. Ulianza kwa bahati angani mwaka 1953, pale rais wa shirika hilo, C. R. Smith, alipokaa jirani na mfanyakazi wa IBM, naye akiitwa Smith, wakapiga soga toka Los Angeles hadi New York. Kabla ya Sabre, makarani walizungusha meza ya duara iliyojaa kadi za safari, na kukamilisha nafasi ya abiria mmoja kulichukua wastani wa dakika 90.

Miaka karibu 30 baada ya mazungumzo yale, watu wa masoko wa American chini ya bosi wao Robert Crandall walirudi kwenye hazina hiyo ya kumbukumbu. Majina hayakufaa, kwani akina Smith ni wengi. Walichotafuta ni namba za simu zilizojirudia. Namba iliyotokea mara nyingi ilikuwa na msafiri nyuma yake, na msafiri huyo alikuwa na jina na anwani. Nikiifikiria kazi hiyo huwa naiona kama mtu anayepekua daftari la mkopo la duka la mtaani akagundua kumbe nusu ya mauzo yake hutoka nyumba kumi tu. Watu zaidi ya laki moja walipatikana kwa njia hiyo, wakaandikiwa barua kwamba wameshasajiliwa na kila maili watakayoruka itahesabiwa. Mpango ukaitwa AAdvantage, ukaanza tarehe 1 Mei 1981. Siku moja kabla yake, PeopleExpress, mojawapo ya kampuni zile za bei poa, ilikuwa imerusha ndege zake za kwanza kutoka Newark.

Haikuwa mara ya kwanza kabisa. Texas International ilikuwa imehesabu maili za wateja wake tangu 1979, na Western Airlines ilijaribu yake baadaye kidogo. Ila AAdvantage ndiyo iliyowasha moto. United ilijibu ndani ya mwezi huohuo, na mwaka haukuisha kabla Delta na TWA hazijafuata. Ikumbukwe pia kwamba wasafiri wengi wa mara kwa mara hawakulipa nauli zao wenyewe. Tiketi ililipwa na mwajiri, maili zikaingia kwa mfanyakazi. Bosi alinunua safari, karani akaenda Hawaii na mkewe.

Hatua iliyonigusa mimi na wengine tusioruka kila wiki ilikuja mwaka 1987, Citibank ilipotoa kadi ya mkopo iliyompa mwenye nayo maili za American kwa kila dola aliyotumia. Kwa kadi kama hiyo hukuhitaji kupanda ndege ili upate maili. Ulihitaji kununua mboga. Benki inazinunua maili kwa jumla kutoka kwa shirika, na fedha hizo huzirudisha kutokana na riba na ada anayokatwa mwenye duka kila kadi inapogusishwa. Mwenye duka naye hupandisha bei kidogo kwa wote. Maana yake ni kwamba mama anayelipa kwa noti ndani ya duka lilelile anachangia kitanda cha anayelipa kwa kadi. Nami nimelala kwenye kitanda hicho, na jambo hili linanisumbua kila ninapolikumbuka.

Waliojua kuhesabu walipata mwanya. Mwaka 1999 mhandisi wa California, David Phillips, aliona kampuni ya vyakula ya Healthy Choice imetangaza maili 1,000 kwa kila vibandiko kumi vya bidhaa zake kwa watakaowahi kutuma. Akazunguka madukani hadi akakuta vikombe vya pudini vya senti 25. Alinunua vikombe 12,150, na walioshangaa aliwaambia anajiwekea akiba kwa ajili ya hofu ya mwaka 2000. Kubandua vibandiko vyote hivyo kabla ya siku ya mwisho kulimshinda yeye na familia yake, akawapelekea pudini Jeshi la Wokovu, na watu wa kujitolea wakambandulia ili wao wabaki na chakula. Kwa takriban dola 3,000 alivuna maili zaidi ya milioni 1.2. Karibu miaka kumi baadaye, Wamarekani walikuwa wakiagiza sarafu za dola moja kutoka kiwanda cha serikali kwa kadi ya mkopo, wanaletewa mlangoni bure, wanazipeleka moja kwa moja benki kulipia deni la kadi, maili zinabaki. Kiwanda kilipiga marufuku kadi kwa sarafu hizo mwaka 2011.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii iliingia kupitia ushirika wa Kenya Airways na KLM ulioanza miaka ya 1990, wateja wakawa wanakusanya maili za Ulaya kutoka Nairobi. Hata hivyo, shule halisi ya pointi kwa Mkenya wa kawaida imekuwa simu: pointi za Bonga za Safaricom, tangu 2007. Zilipokubaliwa kununulia unga na mafuta wakati wa korona mwaka 2020, wengi waligundua walikuwa na akiba wasiyoijua.

Mwaka huohuo wa korona ulifichua ukubwa wa jambo hili. United, ndege zake nyingi zikiwa zimeegeshwa, iliweka mpango wake wa maili rehani ili ikope mabilioni, na tathmini yake ilizidi thamani ya hisa zote za kampuni sokoni. American ilifuata 2021 kwa dola bilioni 10. Sarafu iliyobuniwa kujaza viti vitupu ilihesabiwa kuwa na thamani kubwa kuliko biashara ya kurusha viti. Na anayeichapisha ndiye anayepanga bei zake: Delta na United mwaka 2015, na American mwaka 2016, ziliacha kuwapimia wateja wengi maili kwa umbali, zikawapimia kwa fedha walizotoa. Idadi ya pointi za kununua kiti kimoja nayo imekuwa ikipanda bila abiria kuulizwa. Ndiyo sababu niliacha kuzitunza zangu, nikazitumia.

Nilimwambia yule mhudumu nitakula saa mbili baada ya kuruka. Sehemu yetu ilikuwa na viti vinane, na mlango ulipofungwa tulikuwa watu watano. Nilikula, nikalala usingizi mzito ambao sikuwahi kuupata angani. Kulipokucha, alikuja kutandua shuka zangu. Vile viti vitatu vilikuwa vimesimama wima kama tulivyovikuta, blanketi zake zikiwa bado ndani ya mifuko ya plastiki.