Mchanganyiko wa Vituo vya Wi-Fi katika Mtandao Mmoja

Mchanganyiko wa vituo vya Wi-Fi ni hali ya mtandao mmoja wa pasiwaya kuhudumiwa na vituo vya matoleo au viwanda tofauti, yaani vifaa vinavyorusha na kupokea mawimbi ya redio ili kuunganisha simu na kompyuta na mtandao wa waya, huku vyote vikitangaza jina moja. Mara nyingi hali hii haipangwi na mtu: shule au hospitali hupanua majengo kidogo kidogo, na jengo jipya linapokamilika, kituo cha aina ya zamani huwa hakiuzwi tena madukani.

Vituo hivyo huweza kuelewana na simu zote kwa sababu ya viwango vya IEEE 802.11, ambavyo cha kwanza kilitolewa mwaka 1997, na ambavyo matoleo yake ya baadaye, kama 802.11n la 2009 na 802.11ax la 2021 linalouzwa kwa jina la Wi-Fi 6, yameendelea kuvipokea vifaa vilivyotangulia. Hata hivyo, ili simu ivihesabu vituo viwili kuwa mtandao mmoja, jina, aina ya ulinzi na nenosiri lazima vilingane herufi kwa herufi, kwani kwa simu “Maktaba” na “maktaba” ni mitandao miwili. Vilevile, kazi ya kugawa anwani za intaneti iachiwe kifaa kimoja tu. Ruta ya nyumbani inayoongezwa kama kituo huja ikiwa tayari kugawa anwani zake, na isipozimwa kazi hiyo, baadhi ya watumiaji hupewa anwani zisizowafikisha popote.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika uhamaji, yaani simu kuacha kituo kimoja na kushika kingine mtumiaji anapotembea. Uamuzi wa kuhama ni wa simu yenyewe wala si wa kituo, na ndiyo maana simu huweza kung'ang'ania kituo cha mbali ilhali kingine kiko juu ya kichwa cha mtumiaji. Nyongeza ya 802.11k huipa simu orodha ya vituo jirani, nayo 802.11r, ambayo ni ya 2008, hufupisha uthibitishaji kwa kutumia ufunguo ulioandaliwa mapema. Lakini kiwango hicho hakikueleza jinsi ufunguo unavyosafiri kutoka kituo hadi kituo, na kila kiwanda kikajitengenezea njia yake. Jaribio la kuweka lugha ya pamoja kati ya vituo, 802.11F la mwaka 2003, liliondolewa mwaka 2006. Kwa hiyo vituo vya viwanda viwili hupokezana simu kama wageni: anayesoma ukurasa hahisi lolote, lakini anayeongea kwa sauti kupitia mtandao unaothibitisha kila mtumiaji kwa seva huweza kusikia mazungumzo yakikatika.

Ulinzi nao hushuka hadi kiwango cha kituo dhaifu kuliko vyote. Kituo kisichojua kiwango cha ulinzi cha WPA3, kilichotangazwa mwaka 2018, hulazimisha jina zima libaki na WPA2 iliyotangulia au litumie hali ya mpito inayokubali zote mbili, ilhali masafa ya gigahezi 6 hayaruhusu WPA2 kabisa. Umeme unaopita katika waya wa mtandao huhitaji uangalifu pia, maana swichi ya 802.3af hutoa wati 15.4 kwa kila tundu, na kituo kipya chenye redio nyingi huenda kikazima baadhi yake kikikosa nguvu ya kutosha.

Mpangilio ulio bora ni kutenga aina kwa eneo, kila jengo au ghorofa aina yake, kuliko kuzipishanisha katika ukumbi mmoja ambamo watu huhama kila dakika. Katika gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 zisizoingiliana zigawanywe kwa mkono, kwani vidhibiti vya vituo vya viwanda tofauti havishauriani. Pale vifaa vinapokubali, programu huria ya OpenWrt huondoa sehemu kubwa ya tatizo, kwa kuwa vituo vya chapa mbalimbali huendeshwa na programu ileile na hivyo hupokezana funguo bila shida.

Mfano mpana wa mchanganyiko huu ni eduroam, mtandao wa vyuo unaosimamiwa na mashirika ya mitandao ya elimu, KENET nchini Kenya na RENU nchini Uganda. Humo mwanafunzi hutambuliwa na seva ya chuo chake, popote alipo, na aina ya kituo kilicho darini haiulizwi.