Wahuni Waliorudi Mjini

Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu iliowaona hawatakiwi. Dar es Salaam, asiyekuwa na risiti ya kodi wala kazi ya kueleweka aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa kwao. Hata hivyo, sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000 mjini, na ya 1957 karibu 129,000. Naamini msako ulishindwa kwa sababu watawala walimwona mhamiaji kuwa mtu aliyeikimbia kaya yake, ilhali mara nyingi kaya hiyo ndiyo iliyomtuma.

Tazama nyumba ya Kariakoo ya siku zile: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo, na kila chumba kina mpangaji wake. Kijana kutoka Uzaramo au Rufiji alifikia humo, kwa mjomba au kwa mtu wa kijijini kwao. Alilala mkekani ukumbini, akala cha wenyeji wake mpaka apate kibarua bandarini au mzigo wa kubeba sokoni. Akishapata, fedha zilikuwa na kazi tayari: kodi ya baba, mahari, kanga za mama. Wengine walirudi kulima mvua zikianza, wakavuna, wakaja tena. Ukimrudisha mtu kama huyo, ndugu yake bado yuko mjini, na haja ya fedha bado iko kijijini. Tena haja hiyo kwa sehemu iliumbwa na serikali yenyewe, iliyodai kodi kwa fedha taslimu.

Wapo wasemao mji ulikuwa umeelemewa. Ni kweli: wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kiligawiwa kwa mgao na nyumba hazikutosha. Lakini bandari ilitegemea vibarua wanaoitwa meli zikija na kuachwa zikiondoka. Waajiri walitaka watu hao wawe karibu bila kugharimia makazi yao, kisha serikali ikawalaumu kwa kukaa bila kazi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mashamba yalikuwa yakipoteza nguvu. Hoja hiyo ilirudi baada ya uhuru na kampeni ya Nguvu Kazi ya 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, wachuuzi na wasio na ajira walipokusanywa mitaani wapelekwe kulima. Nia ya kulisha nchi ilikuwa njema, nami siibezi. Ila mkulima wa miaka ile aliuza mazao kwa bei ndogo iliyopangwa na serikali, na hata akilipwa, dukani hakukuwa na sabuni wala nguo. Kijana aliliacha jembe kwa hesabu, si kwa uvivu. Serikali nayo ililazimika kulikubali hilo: chini ya mpango uleule ikaanza kutoa leseni za nguvu kazi, na mchuuzi aliyekuwa akikimbizwa akaweza kuuza kihalali. Sensa ya 1988 iliikuta Dar es Salaam ina watu wapatao milioni 1.36.